Chura wa Amazon na mali isiyo na daftari

Wahenga walinena kwamba kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Maana yake twaijua sote: mwenye shughuli zake hababaishwi na domo la watu. Lakini kuna pahali duniani ambapo methali hii haina nguvu. Huko, chura akilia usiku, mwindaji hodari huacha chakula chake, akachukua tochi na kuingia msituni kumfuata.

Leo, ndugu msomaji, nakualika twende huko pamoja. Hutahitaji pasipoti wala nauli. Chukua tu ile atlasi ambayo watoto huitumia shuleni, uiweke mezani kando ya chai ya Jumapili, na ufungue ukurasa wa Amerika Kusini.

Tafuta mto Amazon. Unaanzia katika milima ya Andes nchini Peru na kutiririka kwa takribani kilomita 6,400 hadi bahari ya Atlantiki, upande wa Brazil. Sasa rudi nyuma na kidole chako, ukielekea magharibi, mpaka ufike mji uitwao Iquitos. Hapo ndipo tutakaposhukia.

MJI USIO NA BARABARA

Iquitos ni mji mkubwa wenye mamia ya maelfu ya watu, lakini huwezi kuufikia kwa gari kutoka Lima, mji mkuu wa Peru. Barabara moja tu hutoka hapo na kufika mji mdogo wa Nauta, umbali wa karibu kilomita 100, kisha ikaishia mtoni. Anayekwenda Iquitos huenda kwa ndege au kwa meli. Ingawa uko zaidi ya kilomita 3,000 kutoka baharini, mto ni mpana na wenye kina hata meli za bahari kuu huweza kupanda hadi huko.

Ukifika, usidhani utapotea. Usafiri wa mjini ni wa pikipiki zenye magurudumu matatu, ndugu wa zile tuktuk za Mombasa, nazo zina kelele kama za kwetu. Joto nalo ni lile la kukufanya ubadilishe shati mara mbili kabla ya saa sita mchana.

Tembea hadi mtaa wa Belén, ukingoni mwa maji. Nyumba nyingi hapa zimejengwa juu ya nguzo, na nyingine zinaelea juu ya magogo, kwa sababu mto hupanda na kushuka kwa mita kadhaa kila mwaka. Msimu wa maji, mtu humtembelea jirani yake kwa mtumbwi.

Katika soko la Belén kuna ujia wa waganga wa miti shamba. Utaona magome, mizizi, mafuta na chupa za dawa za kila rangi. Usishangae. Katika milima ya Andes ndiko ulikotoka mti wa sinkona, ambao gome lake lilitupatia kwinini. Ni wangapi kati yetu waliookolewa na kwinini utotoni wakiugua malaria, bila kujua kwamba shukrani zao zilistahili kufika huku?

Kutoka Iquitos tutapanda ndege ndogo, au tutavumilia siku kadhaa za mashua, kuelekea mto Yavarí ambao ni mpaka kati ya Peru na Brazil. Huku hakuna soko wala tuktuk. Kuna miti tu, mito yenye maji ya rangi ya chai, na mvua. Hapa ndipo nyumbani kwa Wamatsés, watu wapatao elfu tatu hivi, wanaoishi pande zote mbili za mpaka.

Wamatsés walikaa mbali na watu wa nje kwa muda mrefu, na hawakuwa na sababu ya kuwapenda. Biashara ya mpira iliyovuma msituni humu mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20 iliwaletea wenyeji wa Amazon utumwa, magonjwa na risasi. Ni mwaka 1969 tu ambapo Wamatsés walikubali kuishi kwa amani na wageni, walipowapokea wamishenari wawili wanawake.

MWENYE KOTI LA KIJANI

Sasa giza limeingia na mvua imepusa. Sikiliza. Huko juu matawini, kunasikika sauti nzito, kavu, inayokatika ghafla. Huyo ndiye tuliyemfuata.

Wanasayansi humwita Phyllomedusa bicolor, jina alilopewa spishi yake tangu mwaka 1772 kwa sababu ya rangi zake mbili. Mgongoni ni kijani kibichi kama jani la mgomba baada ya mvua. Tumboni ni mweupe wa maziwa au hudhurungi hafifu, na kifuani na ubavuni ana madoa meupe yaliyozungushiwa rangi nyeusi, utadhani mtu alimpamba kwa kalamu.

Ni chura mkubwa kuliko wote katika jamii yake ya vyura wa majani. Jike hufikia sentimita 12 hivi, na dume ni mdogo kidogo. Mboni ya jicho lake imesimama wima kama ya paka. Hapatikani Peru pekee, bali pia Brazil, Bolivia, Colombia, Venezuela, Guyana, Suriname na Guyana ya Ufaransa.

Jambo litakalokushangaza ni mwendo wake. Chura tumjuaye sisi ni wa kurukaruka. Huyu hutembea. Hushika tawi kwa vidole, akanyanyua mguu mmoja, akaufikisha mbele, kisha akanyanyua mwingine, taratibu kama mzee aliyetoka msikitini. Ukimshika, aghalabu hata hahangaiki kutoroka.

Kwa nini asiogope? Kwa sababu ngozi yake ndiyo silaha yake. Nyuma ya macho na kando ya mgongo ana tezi zinazotoa ute wenye sumu. Adui akimtia kinywani hukutana na uchungu asioutarajia.

Hata malezi ya watoto wake ni ya aina yake. Dume na jike hutafuta jani lililoning'inia juu ya dimbwi, wakalikunja kama mtu anavyofunga sambusa, na kutaga mamia ya mayai ndani yake. Baada ya siku kadhaa, mayai yakianguliwa, viluwiluwi hudondoka kutoka kwenye jani na kuingia majini moja kwa moja. Kuanzia hapo kila mmoja hujitegemea.

"CHANJO YA CHURA"

Ute huo, msomaji, ndio umefanya jina la chura huyu lijulikane hadi Roma na Sydney.

Wamatsés, na makabila jirani kama Wakatukina, Wayawanawá, Wamarubo na Wakaxinawá wa upande wa Brazil, wameutumia kwa vizazi vingi. Mahali pengi huitwa kambo. Ndiyo, kambo, ingawa haina uhusiano wowote na mama wa kambo! Waluso wa Brazil huuita kwa lugha yao "chanjo ya chura." Jina hilo Mswahili hulielewa upesi, maana neno chanjo kwetu limetokana na kuchanja.

Hufanywa hivi. Chura hushikwa usiku na miguu yake minne hufungwa kwa kamba kwenye vijiti, akatanuliwa kama ngozi inayoanikwa. Ute hukwanguliwa kwa kijiti na kuachwa ukauke. Kisha chura hufunguliwa na kurudishwa mtini. Kumwua ni mwiko na pia ni ujinga, kwani anayeua mbuzi wa maziwa kesho atakunywa nini?

Anayechanjwa huunguzwa vidoa vidogo kwenye ngozi kwa kipande cha mmea kinachowaka. Ute mkavu hulainishwa kwa mate au maji na kupakwa kwenye vidonda hivyo. Kwa Wakatukina, wanaume huchanjwa kifuani na mikononi, na wanawake miguuni.

Kinachofuata si cha kuonea wivu. Katika muda wa dakika chache moyo hupiga kwa kasi, uso huvimba na kuwa mwekundu, tumbo husokota, na mtu hutapika kila alichokula. Kisha hulala chini bila nguvu. Hali hiyo ikipita, wenyewe husema mwili huwa mwepesi, macho huona mbali, masikio husikia kila kitu, na njaa na uchovu havimsumbui mwindaji.

Ni kwa nini mtu akubali mateso hayo? Katika Amazon kuna neno panema. Panema ni nuksi: mwindaji anatoka kila siku na kurudi mikono mitupu, mke anamtazama, watoto wanalala njaa. Pia ni uvivu na uzito wa mwili. Kambo huondoa panema.

Hapa pana jambo la kutia maanani. Wakatukina huamini kwamba anayempaka mwenzake kambo humpa pia tabia yake. Kwa hiyo kazi hiyo hupewa mwindaji hodari na mchapa kazi, si mtu yeyote mwenye kijiti. Dawa, kwa watu hawa, si ute peke yake. Ni ute, pamoja na mkono uliouweka, pamoja na sababu ya kuuweka.

KUTOKA MSITUNI HADI MAABARA

Mmishenari Mfaransa, padre Constantin Tastevin, aliandika habari za desturi hii mwaka 1925 baada ya kuiona katika mito ya Acre, magharibi mwa Brazil. Kwa miongo mingi baadaye, walioijali walikuwa wachache.

Katika miaka ya 1980, mwandishi wa habari Mmarekani aitwaye Peter Gorman alifika kwa Wamatsés, akachanjwa, akapona, na akarudi na ute huo. Sampuli zilifika Roma kwa profesa Vittorio Erspamer, mtaalamu wa Kiitalia ambaye katika miaka ya 1930 alikuwa ameigundua kemikali ya mwilini ambayo leo huitwa serotonini.

Erspamer na wenzake walichapisha matokeo yao mwaka 1993. Katika ute wa chura huyu mmoja walikuta kundi zima la peptidi, yaani vipande vidogo vya protini, na kila kimoja kina kazi yake. Kimoja hulisukasuka tumbo na utumbo. Vingine hupanua mishipa ya damu na kushusha shinikizo lake. Vingine huzima maumivu. Yale waliyoyasema wazee wa msituni kuhusu kutapika, mapigo ya moyo na kutosikia uchungu yalikuwa yamepata maelezo ya kisayansi.

Mwaka 1992, wanasayansi wengine nchini Marekani, akiwamo John Daly, walitangaza peptidi nyingine mpya kutoka kwa chura huyu huyu. Na kutoka kwa jamaa yake wa karibu ilikuwa imepatikana, mwaka 1981, dermofini, kitu kinachozima maumivu mara nyingi zaidi kuliko mofini ya hospitalini. Wajanja hawakuchelewa. Mwaka 2012 farasi kadhaa wa mashindano huko Marekani walikutwa na dermofini mwilini, ili wakimbie bila kuhisi maumivu ya miguu.

Hapo ndipo mambo yalipogeuka. Maabara na makampuni katika nchi tajiri yaliomba na kupata hataza, yaani hati za kumpa mtu haki ya pekee juu ya uvumbuzi, kwa peptidi za vyura hawa na matumizi yake. Katika hati hizo kuna majina ya wanasayansi. Mwindaji aliyejua kwamba katika vyura wote wa msitu huyu ndiye mwenye dawa hakuandikwa.

BIDHAA YA KUUZWA

Wakati huo huo, kambo ilitoka msituni kwa mlango mwingine. Wagema mpira wa Acre waliokuwa wamejifunza kwa wenyeji waliipeleka mijini. Kutoka hapo ikafika São Paulo, Ulaya, Marekani na Australia, na siku hizi huuzwa kwenye intaneti kama dawa ya kila ugonjwa chini ya jua.

Ewe mzazi, na wewe mwanafunzi mwenye simu, tuelewane hapa. Hakuna ushahidi wa kitabibu kwamba kambo huponya saratani, huzuni au uraibu. Kuna ushahidi kwamba huweza kuua. Watu wamefariki Brazil na kwingineko baada ya kupakwa. Mwanamke mmoja alifariki Australia mwaka 2019, na mwaka 2021 serikali ya nchi hiyo iliuweka ute huo katika orodha ya sumu zilizopigwa marufuku. Brazil yenyewe ilipiga marufuku mwaka 2004 matangazo yanayodai kwamba kambo ni tiba.

Wakatukina ndio waliokuwa wa kwanza kuona hatari hii ya kugeuzwa bidhaa. Mwaka 2003 walimwandikia barua Marina Silva, ambaye wakati huo alikuwa waziri wa mazingira wa Brazil na ni mzaliwa wa Acre kutoka familia ya wagema mpira. Waliomba serikali ichunguze kambo na ilinde ujuzi wao. Hawakuomba sadaka. Waliomba kutambuliwa.

SISI PIA TUMO

Huenda unajiuliza haya yatuhusu nini sisi tulio huku, tukihangaikia karo na nauli ya matatu. Yanatuhusu zaidi ya unavyofikiri.

Mkataba wa kimataifa unaosema kwamba viumbe na mimea ni mali ya nchi vilimo, na kwamba faida igawanywe kwa haki, ulipitishwa papa hapa Nairobi tarehe 22 Mei 1992, kabla ya kutiwa saini Rio de Janeiro mwezi uliofuata. Ndiyo maana kila tarehe 22 Mei dunia huadhimisha siku ya bayoanuwai. Mwaka 2010 mkataba huo uliongezewa itifaki ya Nagoya, inayotaka wenye ujuzi wa jadi waombwe ruhusa na wapewe sehemu yao. Kenya ni mwanachama.

Nasi tuliwahi kulia kilio cha Wakatukina. Mwaka 2004 shirika letu la wanyamapori, KWS, lilijitokeza kudai haki baada ya kubainika kwamba vijidudu vilivyochukuliwa katika Ziwa Bogoria vilikuwa vimezaa vimeng'enya vya kutumika viwandani ng'ambo, hata kulainisha suruali za jinzi. Pengine umezivaa.

Mfano wa ushindi pia upo. Mwaka 1994 ofisi ya hataza ya Ulaya iliwapa Wamarekani haki ya dawa ya ukungu itokanayo na mwarobaini. Wahindi walipinga, wakaonyesha kwamba wakulima wao waliujua ujuzi huo zamani. Hataza ikafutwa mwaka 2000, na rufani ikashindwa mwaka 2005. Waliokuwa na ushahidi walishinda.

DAFTARI LA WAMATSÉS

Waswahili husema mali bila daftari hupotea bila habari. Turudi basi Yavarí, tuone Wamatsés walifanya nini.

Waganga wao wakongwe walikuwa wamebaki wachache, na vijana hawakuwa wakijifunza. Mzee akizikwa, ujuzi wake ulizikwa naye. Isitoshe, kila walichokuwa wamewaambia wageni kilikuwa kimeondoka bila kurudi. Walikuwa kati ya mambo mawili: wakinyamaza, ujuzi utakufa, wakiandika, utaibwa.

Walipata njia. Kwa msaada wa shirika moja la uhifadhi, waganga watano waliketi na vijana wanaojua kuandika, kijiji kwa kijiji. Mwaka 2015 walikamilisha kitabu cha kurasa 500 cha tiba zao: ugonjwa huu unatambuliwaje, unasababishwa na nini, mmea gani hutumika, na dawa hutengenezwaje.

Kitabu chote kimeandikwa kwa Kimatsés peke yake. Hakikutafsiriwa kwa Kihispania wala kwa Kiingereza, na hakina majina ya kisayansi ya mimea. Mgeni akikiokota atakiona tu kama tunavyoyaona maandishi ya Kichina. Kijana wa Kimatsés akikifungua, babu yake anazungumza naye. Lugha ambayo wengi waliidharau imekuwa kufuli la sanduku.

Mwaka 2009 serikali ya Peru ilikuwa tayari imetenga zaidi ya hekta 420,000 za msitu jirani nao kuwa hifadhi ya taifa yenye jina lao. Chura wetu naye, kulingana na wataalamu wa uhifadhi, hayumo katika hatari ya kutoweka kwa sasa. Bado analia juu ya madimbwi, bado anakunja majani yake.

Safari yetu imekwisha, msomaji. Funga atlasi. Lakini kabla chai haijapoa, muulize bibi au babu aliyekutembelea wikendi hii: ule mti uliokuwa nyuma ya nyumba kule kijijini, ulitibu nini? Uliitwaje kwa lugha yetu? Nani alikufundisha?

Kisha mwambie mwanao alete daftari.